Shahidi wa Kiwanja Chake

Jumatatu, 6 Machi 2023. Morogoro

Mlinzi wa usiku kaja na mfuko wa rambo umejaa vitu, na hakuna hata kimoja kinachosema waziwazi kwamba aliajiriwa. Kitambulisho chenye picha yake, shati la sare, kurasa za daftari la zamu alizozipiga picha kwa simu, na ujumbe wa mshahara unaoingia kwa simu hiyohiyo kila mwisho wa mwezi. Miaka sita na kidogo getini. Alhamisi ya tarehe 19 Januari akaambiwa kwa mdomo: pumzika nyumbani, tutakuita.

Nikamwuliza mbona amekuja leo na si mwezi uliopita. Kumbe yeye na msimamizi wa zamu wameoa nyumba moja. Akamwambia, "Tulia shemeji, haya tunayamaliza wenyewe, ukikimbilia serikalini utamkasirisha bosi." Akatulia. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na shemeji amezila zote. Ziliisha 18 Februari.

Kwa hilo, fomu namba 1 ya Tume haitoshi tena peke yake. Lazima ifuatane na namba 2, ya kuomba kuongezewa muda, na humo aeleze kilichomchelewesha. Ahadi ya shemeji ni sababu ambayo kila mtu anaielewa na ambayo mbele ya msuluhishi haifiki mbali. Bahati nzuri madai mengine, yasiyogusa uhalali wa kuachishwa, yana siku 60: mshahara wa siku alizofanya Januari, likizo aliyonyimwa, notisi ya siku 28, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, yaani 42. Tukahesabu wote kwenye kalenda ya ukutani. Mwisho ni 20 Machi. Nimemwambia Jumatano asubuhi awe pale, na shemeji akipiga simu aiache iite.

Hofu yake kubwa ilikuwa kukosa mkataba. Nikamsomea: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ayaandike masharti ya kazi, na wakifika kwenye shauri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Alicheka, mara ya kwanza tangu aingie. Ananiita "dada mwanasheria". Mimi ni msaidizi wa kisheria, nimeandikishwa, siruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu wala kudai senti. Nimemweleza, akaitikia, na akiondoka akasema, "Asante, dada mwanasheria."

Alikuwa getini saa 12 kila usiku, siku sita kwa wiki: 72. Sheria inaishia 45, zinazozidi ni za ziada. Hilo la saa hata hakulileta yeye, nimeliuliza mimi.

Alhamisi, 9 Machi

Mama wa Kihonda. Nitamwita hivyo hata humu, maana daftari hili nalisahau ovyo.

Mumewe, fundi magari, alifariki Septemba. Mluguru wa Matombo, Mwislamu. Yeye mama ni Mgogo wa Mpwapwa. Watoto watatu, wa kiume wawili na binti. Nyumba ya vyumba vinne na fremu mbili zinazotazama barabara, na hizo fremu ndizo zilizowalisha tangu mzee alipoanza kuugua. Tangu Novemba kodi anachukua mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Ana karatasi ya mahakama.

Hapa lazima mtu aijue milima ile. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Shamba la ukoo halishuki kwa mtoto, linapita kwa dada na kwenda kwa watoto wa dada, na mjomba ndiye mzee wa hao. Kwa hiyo kwenye arobaini kikao cha ukoo kilipomchagua mpwa, hapakuwa na hila. Walifanya walivyofanya babu zao. Muhtasari ukaandikwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua msimamizi wa mirathi 24 Oktoba 2022, akapewa Fomu Na. 4. Toka siku hiyo anaishika kama hati ya nyumba. Anamwambia mjane, "Mama, mahakama imeniandika mimi."

Sijui karatasi inayosomwa vibaya mjini hapa kuliko Fomu Na. 4. Inampa mtu kazi: akusanye mali, alipe madeni, agawe kwa warithi, arudi kutoa hesabu. Haimpi hata kijiko. Ndani ya miezi minne alitakiwa ajaze Fomu Na. 5, ya mali na madeni yote ya marehemu. Miezi minne imetimia 24 Februari na hakuna kilichoingia masjala.

Halafu mama akafungua kitambaa akatoa mkataba wa kiwanja. Karatasi ya mistari iliyochanwa daftarini, mwaka 2009, wino wa bluu uliofifia, muhuri wa serikali ya mtaa umepigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri. Mnunuzi: jina la marehemu. Chini kushoto, "Shahidi upande wa mnunuzi": jina lake yeye, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa akiandika polepole.

"Fedha ilitoka wapi, mama?"

"Nusu yake, nusu yangu. Yangu ya kikundi."

Daftari la kikundi analo. Ukurasa wa mgawo wa mwaka huo upo, kiasi kipo, saini ya katibu ipo. Nikamwuliza nani alimwonyesha pa kusaini. "Mwenyekiti wa mtaa. Alisema shahidi mzuri kuliko wote ni mke."

Jumanne, 14 Machi

Nimekaa na mafungu ya mama wa Kihonda. Marehemu aliishi Kiislamu, ameoa kwa nikahi, amezikwa Kiislamu; mahakama huangalia namna mtu alivyoishi kabla ya kuamua sheria ipi imfuate. Wazazi wake wote walishatangulia. Mjane mwenye watoto ana thumni. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Ukitaka mafungu yasiyokatika, gawa 40: mjane 5, kijana 14, kijana 14, binti 7. Mpwa hana. Wadogo wawili wa marehemu nao, maadamu wana wa kiume wapo, hawana.

Kwa hiyo mpwa ataondoka, hilo halinipi shida. Shida ni 5 kati ya 40 kwa mtu aliyetoa nusu ya bei ya kiwanja. Fungu lake la urithi linahesabiwa katika mali ya marehemu, na kabla ya hapo kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye arobaini: mali ya marehemu ni ipi? Kama nusu ya kiwanja haikuwa yake, haigawiwi. Mkataba unasema ilikuwa yake yote na mkewe alishuhudia.

Wanawake wengi wanaokuja hapa wameisikia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ya 1983, Mahakama ya Rufani iliposema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wanaitaja kama namba ya simu ya dharura. Ile ilikuwa ya talaka, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifo kina mlango wake, na mlangoni wanauliza ushahidi. Ni jambo chungu kumwambia mjane kwamba angeachika, kifungu kingekuwepo tayari kinamsubiri. Sikumwambia.

Nimemsaidia kuandika barua mbili. Moja kwa mahakama iliyomteua mpwa: aamriwe kuleta orodha na hesabu, akishindwa uteuzi utenguliwe. Nyingine kwa mtendaji wa mtaa, kumjulisha kwamba mirathi ile haijafungwa na asigonge muhuri kwenye mauziano yoyote ya kiwanja hicho. Ya pili ndiyo ya haraka. Wiki iliyopita kuna mtu alikuja na futi ya kupimia, akasema amekosea nyumba.

Jumamosi, 18 Machi

Mlinzi amepeleka fomu, amegongewa muhuri wa kupokelewa, mwajiri amepewa nakala.

Wateja watatu leo, wote wa mikopo ya kausha damu. Mmoja amekabidhi kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mkopeshaji anakwenda mashineni kabla yake kila mshahara ukiingia, na deni halipungui. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na swali langu la kwanza huwa hilo: amekupa mkataba wenye namba ya leseni? Mara nyingi hata jina lake kamili hawalijui. Nimemwambia Jumatatu aende tawini kufuta kadi kabla ya jambo lingine lolote. Sheria tutaizungumza akishakula.

Jumatano, 29 Machi

Baraza la kata. Mfungo umeanza, watu wana kiu na hasira, mvua imeng'oa minyaa ya mpaka kati ya majirani wawili, na mmoja akapanda mingine hatua tatu ndani ya shamba la mwenzake.

Zamani baraza hili lingetoa hukumu. Tangu mabadiliko ya 2021 limebakiwa na kusuluhisha tu, ndani ya siku 30, na likishindwa wenye shauri wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee wengine wa baraza walinuna waliposikia wamenyang'anywa rungu. Mimi nadhani limewafaa. Leo mjumbe mmoja, mama mtu mzima, alisimama kwenye tope akamwuliza kila mmoja swali moja: marehemu baba yako alikuwa analima mpaka wapi? Wote wawili wakanyoosha kidole kwenye mwembe uleule. Basi ikaisha, kwa kicheko cha aibu.

Wakataka kupeana mikono waende. Katibu akawazuia, akawakalisha chini, akaandika: mwembe, jiwe, mfereji, hatua ngapi kutoka wapi, nani atang'oa na lini. Wakasaini na dole gumba. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema watu waache kumaliza mambo kifamilia. Wamalize. Huyu katibu ameonyesha inavyotakiwa: tarehe, karatasi, na kila mtu anaondoka na nakala. Shemeji wa mlinzi hakuwa na tarehe.

Jumatano, 5 Aprili

Tume imekataa ombi la kuongeza muda. Madai ya kuachishwa isivyo halali yameishia hapo.

Mengine yamesuluhishwa. Mwajiri alikuja na msimamo kwamba huyu alikuwa kibarua wa siku. Msuluhishi akamwomba mkataba wa kibarua. Hana. Mlinzi akaonyesha ujumbe wa malipo, miezi na miezi, kiasi kilekile. Mshahara wa siku 19, notisi, likizo na kiinua mgongo vitalipwa kwa awamu mbili, ya kwanza kabla ya Idi. Saa za ziada aliziachia kwenye mazungumzo. Mimi nisingeziachia, ila anayedaiwa ada ya shule si mimi. Makubaliano yametiwa saini mbele ya msuluhishi na yana nguvu ya kukazwa. Pia amepata cheti cha utumishi, karatasi ambayo hakuwa na habari kwamba ni haki yake na ndiyo itakayomwingiza geti lingine.

Ameniletea mkungu wa ndizi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inanikataza kumtoza. Tumekula na wahudumu wa ofisi ya kata.

Jumanne, 11 Aprili

Mjini kumetulia baada ya Pasaka. Dada wa Soko la Chifu Kingalu, vyombo vya plastiki, aliandikisha jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, pamoja na rafiki yake wa utotoni. Rafiki akachukua mali kauli kwa jina hilo, akauza, akahamia Kahama na simu haipatikani. Mwenye mali anamdai aliyebaki, deni lote.

"Lakini sisi ni kampuni," anasema. Si kampuni. Cheti ni cha jina tu, na nyuma ya jina wamesimama watu wawili wanaodaiwa kwa mali zao wenyewe, kila mmoja kwa deni zima. Kisha aliyelipa amgeukie mwenzake. Alilia. Nikamshauri aende kwa mwenye mali mwenyewe, leo, kabla ya kuletewa wito, aombe kulipa kidogokidogo kwa maandishi, na aandikie BRELA kwamba ubia umevunjika ili jina lile lisiendelee kukopea. Tulikaa muda mrefu tukitafuta namna ya kuanza barua kwa rafiki. Alitaka ianze na "Mpenzi wangu" kama walivyozoea kuandikiana. Nikaiacha ianze hivyo.

Jumatano, 3 Mei

Mahakama ya Mwanzo, mama wa Kihonda. Mimi nyuma kabisa, mdomo nimeufunga. Hakimu mezani, wazee washauri wawili pembeni yake.

"Fomu Na. 5 iko wapi?"

Mpwa akasimama. Kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi. "Mheshimiwa, mimi nilijua kazi iliisha siku ile mliponiteua."

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Hakimu hakucheka. Akamwambia kazi ilianza siku ile, akampa siku 30 alete orodha ya mali na madeni, na kodi ya fremu kuanzia leo iingie kwa hesabu, kila shilingi na risiti yake.

Nje, chini ya mti, mpwa alimfuata mjane. "Mama, mimi sikukufukuza."

"Hukunifukuza, mwanangu. Lakini kodi ndiyo inayotulisha."

Akanyamaza. Halafu akanigeukia mimi, kama ndiye ninayeandika sheria. Mama yake, dada wa marehemu, alibeba ndizi kutoka Matombo miaka na miaka ili kaka asome ufundi. Gereji ile, fremu zile, kwa mama yake ni jasho lake pia. Ukoo ulimpeleka mtu mjini ili arudishe kitu mlimani, leo anaambiwa hana fungu hata moja kati ya 40. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Kwa sheria hana hoja. Kwenye kikao cha ukoo angekuwa nayo, na ya nguvu, na nadhani marehemu mwenyewe angeikubali.

Nikamwonyesha tu kitu kimoja, kwamba ile fomu ina sehemu mbili. Watu hujaza mali wakachoka. Chini yake kuna madeni, na msimamizi mwaminifu huanzia huko.

Alhamisi, 8 Juni

Mpwa ameileta Fomu Na. 5 kwa muda wake, na nakala moja ameniachia ofisini.

Mali: nyumba moja Kihonda yenye fremu mbili. Jeki mbili, kompresa moja mbovu. Pikipiki moja, kadi haionekani. Friji. Fedha za simu, kiasi kimeandikwa mpaka shilingi mia. Kodi iliyopokelewa na msimamizi Novemba hadi Mei, imetumika kiasi, amekiri na kukitaja. Shamba la Matombo ameandika, "la ukoo, si la marehemu". Hakuna aliyebisha, hata mjane, hakuwahi kulitaka.

Madeni: duka la vipuri. Hospitali. Halafu, kwa mwandiko uleule uliokazwa: "Mke wa marehemu, nusu ya bei ya kiwanja 2009, kama ilivyo kwenye daftari la kikundi." Mstari unaofuata: "Dada wa marehemu, gharama za kusomeshwa ufundi." Pa kiasi ameacha wazi.

Nimeisoma mara nyingi. Ule wa dada hautapona, hauna karatasi wala namba, na nadhani hata yeye anajua. Alitaka uandikwe mahali penye muhuri. Ule wa mjane ndio wa kupigania, na umeandikwa pabaya. Deni lina umri, madai ya mkataba hufa baada ya miaka sita, na mtu yeyote mwenye akili atashika hapo. Wadogo wa marehemu wameshashika. Wameweka pingamizi juzi, ingawa wao hawarithi, kwa niaba ya watoto ati. Kinachotakiwa ni mstari huo utoke kwenye madeni, na mama aombe mahakama itamke kwamba nusu ya kiwanja ni yake tangu siku kilipolipiwa, haijawahi kuwa ya marehemu, na jina la shahidi kwenye mkataba halikumwondolea umiliki. Nimempeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria, kwa sababu hapo uwezo wangu unaishia. Wakili ameuliza jambo moja tu: aliyeandika daftari la kikundi yu hai?

Yu hai, katibu wa wakati ule. Amehamia Dumila kwa mwanawe, miguu inamsumbua, na kusikilizwa ni 6 Julai. Anasema atakuja. Nauli yake na ya mtu wa kumshika mkono bado hatujaipata. Mpwa amesema tumpe siku mbili.